Bustani za maonyesho siku hizi: kabro nyingi, maua kidogo. Mgeni aangalie nini?

MkonoWaUdongo (Nakuru)

Wadau, Julai ndiyo hiyo inakuja na lango la uwanja wa maonyesho ya kilimo hapa Nakuru litafunguliwa tena. Upande wa mifugo hauna ubishi: ng'ombe ama ana maziwa ama hana. Ubishi uko kwenye bustani za maonyesho. Wageni wanatoka pale wakinung'unika yale yale. Mimea imesukumwa pembeni kama kachumbari kwenye sahani ya nyama, katikati ni kabro (matofali ya saruji ya kutandaza njiani), chemchemi, chuma kilichopakwa rangi nyeusi na bango la mdhamini. Ukiuliza jina la ua, kijana aliyevaa fulana ya kampuni anakupa kipeperushi. Na ukienda kujaribu nyumbani, wiki ya tatu umebaki na vijiti.

Naomba uzi huu uwe wa vipimo. Mgeni akisimama mbele ya bustani ya mita 6 kwa 4, ajuaje kitakachoishi na kilichopangwa kwa siku nne tu?

Naanza na msongamano. Pima kwa macho nafasi kati ya shina na shina. Ikiwa ni sentimita 20, mita mraba moja imebeba miche 25. Marigodi au salvia ya nyumbani hupandwa sentimita 30, yaani miche 11 hivi kwa mita mraba. Anayenakili alichoona ananunua zaidi ya mara mbili ya anachohitaji, na baada ya wiki sita hewa haipiti kati ya majani: zinia zinavaa ubwiri unga (ukungu mweupe juu ya majani) na petunia zinaoza shingoni.

La pili, sukuma matandazo kidogo kwa kidole (omba ruhusa kwanza). Ukigusa ukingo wa chungu au mfuko, jua mmea haukupandwa, umezikwa na chombo chake. Mizizi yake haijawahi kuonja udongo wa pale, kwa hiyo haikuambii chochote kuhusu udongo wako.

La tatu ni jua. Mmea wa kivuli kama bigonia ukiwekwa juani utang'ara siku mbili tatu kabla majani hayajaungua kingo. Jiulize kibanda hicho kinapigwa na jua saa ngapi, na mmea huo kwa kawaida unakaa wapi.

KitaluLanet

Mkono, kwa msongamano uko sawa, kwa vyungu umekosea kidogo. Mmea kubaki ndani ya chungu si ulaghai. Ukihamisha mmea uliochanua, vinyweleo vya mizizi vinakatika, unanyauka siku ya pili, na pengine siku hiyo ndiyo majaji wanapita. Ndani ya chungu hausikii kitu. Kosa ni mwenye bustani kunyamaza.

Kinachowashangaza wageni zaidi ni vyote kuchanua siku moja. Hiyo ni kalenda. Lango likifunguliwa wiki ya kwanza ya Julai, unahesabu kurudi nyuma: zinia wiki 8 hadi 9 tangu mbegu, marigodi 8 hadi 10, salvia 10 hadi 12, petunia kama 12. Mbegu ya petunia ni vumbi, usiifunike kwa udongo, ibonyeze tu juu ya mboji iliyolowa na uifunike kwa kioo. Waridi unalipogoa wiki 6 hadi 8 kabla. Usiku wa Juni hapa Nakuru ni baridi, kwa hiyo ongeza wiki moja kwa kila hesabu, na panda kwa awamu tatu zilizoachana siku 7. Awamu ya kwanza ikiwahi unakata vitumba. Ya tatu ikichelewa inakuwa akiba ya kubadilishia siku ya tatu ya maonyesho. Akiba isipungue robo ya miche yote. Asiye na akiba ndiye unayemwona Jumamosi akiziba mapengo kwa majani ya croton.

Kunyofoa ncha: mche ukifika sentimita 10 hadi 12, kata ncha juu ya jozi ya tatu au ya nne ya majani. Maua yanachelewa siku 10 hadi 14, lakini badala ya shina moja unapata matawi manne au sita. Mgeni akiona marigodi fupi, pana kama sufuria, huo ni mkono wa mtu. Yako ya nyumbani ikisimama kama mnara wa simu, mbegu haina hatia.

Bogonvilia ndiyo inayowatesa watu zaidi. Ili iwe rangi tupu bila jani, hunyimwa maji kwa wiki 3 hadi 4: unaacha udongo ukauke mpaka majani yaanze kulegea, ndipo unanyunyiza kidogo. Mbolea ya naitrojeni husimamishwa kabisa. Mnunuzi anaipeleka nyumbani, anaihurumia, anaimwagilia kila jioni na kuiwekea samadi, inamlipa majani. Tena haipendi kuguswa mizizi. Ukiihamisha, pasua mfuko pembeni na uushushe shimoni na bonge zima bila kulitikisa.

Krisanthemamu ina hila yake. Inachanua usiku ukiwa mrefu, na hapa kwenye ikweta usiku ni saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo inataka kuchanua ikiwa bado na urefu wa kiganja. Wakulima huwasha taa katikati ya usiku, tuseme kuanzia saa nne hadi saa nane, ili iendelee kurefuka, kisha wanazima wiki 7 hadi 9 kabla ya siku wanayoitaka. Ukiona krisanthemamu ya sentimita 60 kwenye maonyesho, kuna mtu amelipa bili ya umeme.

PitaTu (Kisumu)

Mnachosema ni kizuri, ila si kila mgeni anakuja kusoma. Mtu amekuja na watoto watatu, anataka rangi na mahali pa kupigia picha. Kwani kuna ubaya gani?

Na kuna mtu anauza vitunguu vya tulipu mtandaoni, anasema vitakuwa kama zile bustani za Uholanzi. Ni kweli?

KitaluLanet

Rangi haina ubaya. Tulipu: usinunue. Kitunguu cha tulipu kinahitaji baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki 12 hadi 16 ndipo kitoe ua la maana. Kule Keukenhof, mjini Lisse, wanapanda karibu vitunguu milioni 7 kabla ya baridi na majira yao yanafanya kazi hiyo bure, halafu bustani inafunguliwa kwa wiki kama nane tu. Kisumu utahitaji friji, isiyo na matunda ndani, maana gesi ya ethilini ya ndizi na maembe inaua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Ukifanikiwa utaona ua mara moja, mwaka wa pili ni majani. Na vitunguu vikitoka nje ya nchi vinatakiwa viwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea. Mwulize muuzaji wako kama anacho.

NyarDunga (Kisumu)

Huku ziwani tatizo kubwa ni mimea inayoshushwa na lori kutoka Nakuru na Limuru siku moja kabla. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama 1,130. Mmea uliozoea usiku wa nyuzi 10 unafika kwenye mchana wa nyuzi 30, na juu ya hapo umesafirishwa kwenye lori wazi, upepo umenyonya majani njia nzima. Unasimama vizuri asubuhi ya ufunguzi, saa nane mchana umelala.

Tiba ni kuizoeza. Siku 10 hadi 14 chini ya neti ya kivuli ya asilimia 50, wiki ya pili unaifunua asubuhi mpaka saa nne, kisha mpaka saa sita. Safiri usiku, turubai juu, na mwagilia saa mbili kabla ya kupakia. Usimwagilie ukiwa unapakia, maana mfuko uliolowa unapasuka na bonge la udongo linavunjika.

Iko mimea ambayo hata ukiizoeza haikai: pansi, haidrenja, fuksia, primula. Mgeni wa Kisumu akiiona kwenye bustani ya maonyesho aifurahie hapo hapo na aiache hapo hapo. Inayokaa ni vinka, portulaka, ixora, plumbago, kana, helikonia, pentas, koliasi (coleus), bogonvilia. Vinka nayo ina sharti: maji yakituama inaoza kuanzia chini, shina linakuwa jeusi kama limechomwa. Kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Kano ipandie tuta la sentimita 20.

Halafu mabwawa. Kila bustani ya kisasa lazima iwe na maji, sawa. Lakini nani aliwaambia watu gugu maji ni pambo? Ua lake la zambarau ni zuri, hilo halina mjadala, lakini pakiwa na joto na maji yenye mbolea linaweza kujizidisha mara mbili ndani ya wiki mbili, na mtaro wa mvua unajua njia ya ziwani. Ukitaka mmea wa maji wenye sura ya kwetu, weka mafunjo: chungu cha lita 20, udongo wa mfinyanzi, kokoto juu ili usielee, na ukingo wa chungu ukae sentimita 5 chini ya maji. Kata mashina yaliyozeeka mwezi mmoja kabla, yatachipua ya kijani kibichi kwa wakati.

FundiKabro (Kisumu)

Naona kabro imetukanwa vya kutosha, acha niitetee. Watu maelfu wakipita kwenye nyasi kwa siku nne, na mvua ya saa tisa ikiwanyeshea, unabaki na zizi. Njia ngumu lazima iwepo. Swali ni upana na msingi wake.

Watu wawili kupishana wanahitaji mita 1.2. Kiti cha magurudumu peke yake kisipewe chini ya sentimita 90. Njia ya sentimita 60 inayopindapinda inapendeza kwenye mchoro, lakini mgeni anakata kona, na kona ndipo miche inapokanyagwa. Angalieni bustani yoyote siku ya pili: kilichokufa kiko kwenye kona za ndani.

Msingi wa kudumu: chimba sentimita 20, changarawe nyekundu sentimita 10 iliyoshindiliwa ikiwa na unyevu, mchanga sentimita 4, kabro ya milimita 60 juu. Mteremko sentimita 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na mimea. Kwenye udongo mweusi hiyo haitoshi. Udongo huo unavimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kabro inapanda na kushuka kama bahari. Utoe sentimita 30 hadi 45 kwanza ujaze changarawe. Hapa ndipo bustani ya maonyesho inapompotosha mgeni: ile kabro nyororo imelazwa juu ya nyasi za uwanja, chini kuna gunia na mchanga basi, maana Jumatatu inang'olewa. Inapendeza siku nne. Fundi akikufanyia hivyo nyumbani, mfukuze.

Nyasi za plastiki naziacha kwenye lawama zenu. Jua la mchana linazipasha joto kuliko ngozi ya mtoto inavyoweza kuvumilia, hazipumui, na udongo chini yake unageuka tofali. Wanaoziweka wanasema nyasi halisi hazishiki kwa wakati. Si kweli. Vipande vya nyasi ya Pemba vilivyokatwa na udongo wa sentimita 3 vinakaa wiki nzima vikilowa, hata bila kushika mizizi. Ukiambiwa ni nyasi ya siku zote, inua kona: ikinyanyuka kama zulia, imeletwa jana. Kwa nyumbani, Pemba kwa kivuli na joto la huku, kikuyu kwa Nakuru na Eldoret, lakini kikuyu uizungushie ukingo uliozama sentimita 15, la sivyo itakula hata mboga.

Bwawa. La mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 40, linachukua lita 1,200. Karatasi nene ya bwawa, ya milimita 0.5, unaikata hivi: urefu jumlisha kina mara mbili jumlisha sentimita 60. Hapo ni mita 3.4 kwa 2.9. Chini yake weka mchanga au magunia mawili, jiwe moja lenye ncha linatosha kulitoboa. Pampu izungushe maji yote angalau mara moja kwa saa mbili, kwa hiyo isipungue lita 600 kwa saa, na kila mita unayopandisha maji inapunguza nguvu yake. Chukua ya 1,500 uwe salama. Maji yakiwa ya kijani siku ya tatu, ni jua na mbolea iliyochuruzika kutoka kwenye vyungu. Funika theluthi mbili ya uso kwa majani ya yungiyungi. Vibuu vya mbu: vifaranga kumi vya tilapia, kazi imekwisha.

MkonoWaUdongo

Fundi, nimekusikia. Kabro nairudishia heshima yake.

Niongeze la maji kwa watu wa Nakuru, maana naona malalamiko mengi ya "ncha za majani zimekauka kahawia, nimeweka dawa ya ukungu haisaidii". Ikiwa ni drasena, kodilini au ule mmea wa mistari myeupe wanaouita buibui, angalia maji kwanza. Visima vingi vya eneo letu vina floraidi nyingi, ile ile inayopaka meno ya watoto rangi ya kahawia. Mimea hiyo inaifyonza, inasafiri mpaka ncha ya jani, na kwa kuwa haiwezi kutoka inaua tishu pale. Hakuna dawa ya kupuliza. Tumia maji ya mvua, weka chokaa kidogo udongo ufike pH 6 hadi 6.5, na usiipe mimea hiyo mbolea ya superfosfeti, nayo ina floraidi. Jani lililokauka halirudi, subiri mapya.

Kwenye maonyesho utaona ncha zimekatwa kwa mkasi kufuata umbo la jani. Ukiona kijistari chembamba cha kahawia kwenye ukingo, umemkamata.

MzeeWaShinyalu (Kakamega)

Vijana, kuna kitu mmekiruka: kuta za kijani. Kila mwenye kibanda siku hizi anataka ukuta wa mimea wenye jina la kampuni katikati. Mifuko ile inabeba lita 1 au 2 ya udongo, jua la huku linaukausha kwa siku moja. Maji yanashuka, kwa hiyo mstari wa juu una kiu na wa chini unaoza, mwagilio ukiwa ule ule. Anayejua anaweka vitone vya lita 2 kwa saa, dakika 3 hadi 5, mara nne kwa siku, na anapanda kwa ngazi: juu sansevieria na sedumu, katikati buibui na tradeskansia, chini kangaga. Kwenye maonyesho utaona mmea mmoja kutoka juu mpaka chini. Huo ukuta ni wa siku nne, usidanganyike.

Sasa niulize. Kwa nini bustani zetu za maonyesho zinafanana na za mtu mwingine? Mwaka 2022 kule Chelsea, maonyesho ya maua ya London yanayoandaliwa na Royal Horticultural Society (chama cha bustani cha Uingereza), bustani iliyotwaa tuzo kuu ilikuwa ya kuiga bonde lililorudishwa kwa wanyama na majani ya porini, na mto uliozibwa na biva, mnyama anayejenga mabwawa kwa matawi. Wageni waligawanyika: wengine walisema ni kazi ya juu, wengine wakasema wamelipa kiingilio kutazama magugu. Ubishi mzuri, lakini magugu yao ni yao.

Yetu ni haya. Miroo, ambayo Wajaluo huiita mitoo, ina ua la njano linaloning'inia kama taa, inafika mita moja, na inarutubisha udongo kwa naitrojeni. Mgagani, yaani saka au dek, una ua jeupe lenye sharubu ndefu, unachanua wiki 4 hadi 6 tu tangu mbegu. Mchicha mwekundu hauhitaji maelezo. Panda miroo nyuma, mchicha katikati, mgagani mbele, kunde zikitambaa ukingoni. Mgeni atasimama kwa sababu anaujua kwenye sahani ila hajawahi kuuona ukichanua, maana nyumbani tunauvuna mapema. Lawama ya "hiyo ni shamba, si bustani" inakwisha ukinyoosha ukingo. Kata ukingo safi wa sentimita 10 kwa jembe na kamba, weka njia nyeupe ya kokoto, na kitu kile kile kinaonekana kimekusudiwa.

Alo za porini msizing'oe kwa ajili ya maonyesho. Jamii zote za alo isipokuwa Aloe vera yenyewe ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nunua kitaluni, zilizozalishwa.

PitaTu (Kisumu)

Mzee, na wale simba wa saruji na heroe waliopakwa rangi ya waridi?

MzeeWaShinyalu

Chelsea walikataza vinyago vya vibete vya bustani kwa miaka mingi, wakaviruhusu 2013 walipotimiza miaka 100 ya uwanja ule. Mimi simba ningemwachia mwenye hoteli. Heroe mmoja karibu na bwawa, sawa. Kumi na wawili, hapana.

WaridiNaivasha

Niingilie upande wa maua ya kukatwa, maana banda la mapangilio huwa limejaa watu kuliko bustani zenyewe.

Malalamiko ya wageni: maua yamelala shingo siku ya pili. Ua la waridi linalala shingo kwa sababu hewa au bakteria wameziba shina, wala si kwa uzee. Kata sentimita 2 hadi 3 kwa mshazari kwa kisu kikali, ondoa majani yote yatakayokuwa ndani ya maji, litumbukize mara moja, kisha liache kwenye maji safi mahali pa baridi saa 4 kabla ya kulipanga. Kila lita ya maji: kijiko cha chai cha sukari, matone 3 ya klorini ya kufulia, na kamulio la ndimu. Sukari bila klorini ni uji wa bakteria. Badilisha kila siku mbili na ukate shina tena. Usiweke karibu na meza ya matunda.

Lile sifongo la kijani la kuchomekea maua ni plastiki inayosagika, haliozi. Royal Horticultural Society walilipiga marufuku kwenye maonyesho yao tangu 2021. Sisi huku tuna kitu bora na hatukioni. Shina la mgomba, lile linalosimamishwa kwenye lango la harusi, limejaa maji. Kata pande la sentimita 25, likalishe kwenye sinia lenye maji ya sentimita 3, toboa kwa kijiti kabla ya kuchomeka. Linashika siku mbili mpaka tatu. Kasoro yake ni utomvu: ukigusa kitambaa cheupe hautoki, kwa hiyo funika sinia kwa jani la mgomba lenyewe. Maonyesho ya siku nne, badilisha pande usiku wa pili. Kwa shina laini kama gerbera tumia waya wa kuku uliokunjwa mpira ndani ya chungu.

Na kuhusu hukumu, maana kila mwaka watu wanalia "tumeonewa". Kule Chelsea bustani inapimwa dhidi ya maelezo ambayo mbunifu mwenyewe ameyaandika kabla. Aliahidi bustani ya ukame akaweka haidrenja, anakatwa, hata ikipendeza vipi. Medali ni dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha na shaba, na bustani kadhaa zinaweza kupata dhahabu mwaka mmoja. Mfumo huo ungemsaidia hata mgeni wa kawaida: weka ahadi kwenye kibao, naye aone kama imetimizwa.

MamaPentas (Bungoma)

Umenichukulia kibao mdomoni. Nusu ya malalamiko haya yangekwisha kwa kibao.

Kibao kizuri kina jina la Kiswahili au la nyumbani, jina la kisayansi, tarehe ya kupanda mbegu, nafasi ya kupandia nyumbani, jua au kivuli, na neno moja la ukweli: "umepandwa" au "uko chunguni". Herufi zisipungue sentimita 1.5, kibao kiinuliwe sentimita 60 hadi 70 na kulazwa kidogo, mtu asiiname akanyage ukingo. Maandishi ya printa ya wino yanachuruzika na mvua ya kwanza. Kalamu ya risasi kwenye ubao uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa hudumu kuliko kalamu ya wino ya kuchorea, ambayo jua huifuta. Kibao kimoja kwa kila aina, si kwa kila mmea, bustani isifanane na makaburi.

Jambo la pili: mimea inaenda wapi Jumapili? Chelsea siku ya mwisho kengele hulia saa kumi jioni, wageni wananunua mimea hapo hapo na kuibeba. Kwetu mingi inarudishwa kwenye lori ikiwa imechoka. Iuzwe uwanjani, na muuzaji amwambie mnunuzi afanye hivi: akate maua yote na theluthi ya shina, aiweke kivulini siku 7, apasue mizizi iliyojisokota kwa mistari mitatu ya kisu, ndipo apande. Kumwambia mtu akate maua aliyoyalipia ni kazi, najua. Lakini usipokata, mmea unalisha mbegu badala ya mizizi.

PitaTu (Kisumu)

Sawa, mmenishinda. Kikundi chetu cha kina mama kinapewa nafasi ya mita 6 kwa 4. Njia moja katikati, bwawa dogo kama la fundi. Tununue nini, kiasi gani?

FundiKabro (Kisumu)

Eneo lote mita mraba 24. Njia ya mita 6 kwa 1.2 ni 7.2. Bwawa 3. Mnabaki na 13.8 za mimea.

Kabro za sentimita 20 kwa 10 ni 50 kwa mita mraba, kwa hiyo 360, ongeza 20 za kuvunjika. Mchanga wa sentimita 4 ni kama theluthi moja ya mita ya ujazo. Msichimbe kama uwanja si wenu: inueni kingo kwa mawe ya sentimita 20, wekeni vyungu, jazeni kati yake. Ujazo ni 2.76, toroli 46 za lita 60, ila vyungu vyenyewe vinakula sehemu ya hapo, kwa hiyo anzeni na 35. Nusu ya chini iwe maganda ya mchele, Ahero yapo, ni mepesi kubeba. Juu mboji iliyochekechwa. Msitumie bagasi (makapi ya miwa) mbichi ya kiwandani, inachemka na kuoka mizizi.

KitaluLanet

Miche: msifuate 25 kwa mita mraba. Wekeni 16, yaani sentimita 25, inajaa vya kutosha na mgeni akinakili hapotei. 13.8 mara 16 ni 220 hivi, na akiba 55. Aina zisizidi saba. Bustani ndogo yenye aina ishirini inaonekana kama meza ya mitumba.

Maji: chungu cha lita 1.5 kwenye joto la Kisumu kinakunywa kama lita 0.4 kwa siku. 220 ni lita 88, mitungi minne na nusu ya lita 20. Mwagilieni kabla ya saa moja na nusu asubuhi, shinani, kamwe si juu ya petali, maana petunia iliyolowa inaganda kama karatasi ya choo.

PitaTu (Kisumu)

Na mvua ya saa tisa?

NyarDunga (Kisumu)

Nguzo nne za mita 2, neti ya kivuli ikunjwe upande mmoja kama pazia kwenye waya uliokazwa. Mawingu yakisimama upande wa Nandi, vuteni mapema, isipite saa nane na nusu. Neti ya asilimia 50 haizuii maji, inavunja matone na barafu ya mvua ya mawe. Ipeni mteremko wa sentimita 30 kuelekea nyuma. Barafu ikijikusanya juu, isukumeni kutoka chini kwa mpini wa fagio mkianzia upande wa nyuma. Mkivuta upande wa mbele, yote itamwagikia petunia na mgeni aliyesimama hapo.